Timu Ilishuka Daraja, Mimi Nikashuka na Ada ya Mdogo Wangu

Hii stori nimekaa nayo miaka kadhaa. Nimeshawahi kuiandika nusu, nikafuta. Leo naimwaga yote, wahusika majina nayahifadhi, ila wa Bariadi mkijijua nyamazeni tu.

Mimi ni shabiki wa Stand United. Najua utauliza, mtu wa Simiyu na timu ya Shinyanga wapi na wapi? Sikia. Mpaka 2012 sisi tulikuwa mkoa wa Shinyanga. Mkoa wetu ulivyozaliwa, tulipata mkuu wa mkoa, ila timu ya Ligi Kuu hatukupata. Stand ilipopanda Ligi Kuu msimu wa 2014/15, wengi wetu tukaibeba. Halafu ile timu imetokea stendi ya mabasi kweli kweli, ndo maana ya jina. Na mimi nilikuwa na kibanda cha kusajili laini na kuchaji simu pale stendi Bariadi. Chama la Wana! Ningeshabikia nani tena?

Sasa msimu wa 2018/19. Ligi ilikuwa na timu 20, mechi 38. Dalili zilionekana mapema. Septemba tulienda Taifa kucheza na Yanga, Alex Kitenge akapiga hat-trick peke yake, na bado tukafungwa 4-3. Niambie, unafunga tatu ugenini kwa Yanga halafu unarudi na sifuri! Nikajiambia huu mwaka una mkosi.

Ila Januari 2019 wakaja Kambarage. Yanga ilikuwa haijafungwa na mtu kwenye ligi msimu ule. Nilifunga kibanda, nikapanda basi kupitia Maswa. Tukawapiga 1-0. Wadau, nililia. Watu wazima tulikumbatiana bila kujuana. Usiku ule nisingekubali mtu aniambie Stand inashuka.

Na hapo ndo tatizo lilipoanza.

Kuna jamaa yangu, MC wa harusi, mnamjua kwa sauti. Yanga damu. Kesho yake akaja kibandani amenuna, akasema, "Mmetufunga sawa, lakini mnashuka." Nikamwambia weka hela. Tukapeana mikono, elfu hamsini. Utani tu wa washkaji.

Mwezi wa nne mzee wangu akaja mjini kutoka kijijini, Itilima. Alikuwa ameuza mbuzi wanne gulioni. Akanikabidhi laki moja na elfu themanini. Mdogo wangu wa kike alikuwa amefaulu, anasubiri kupangiwa shule ya kidato cha tano. "Kaa nayo wewe," mzee akasema. "Ikibaki kwangu nitailipia palizi. Ada, godoro, tranka. Nyingine tutaongeza pamba ikilipwa."

Sijui shetani alipitia wapi. Nilikuwa napiga hesabu kila usiku. Laki na themanini ikizaa, mdogo wangu anaenda shule kama mtoto wa waziri. Tena sikuona kama ni kamari, kwangu kamari ilikuwa ile mikeka ya timu za Ulaya. Hii ilikuwa timu yangu, naijua! Nikamfuata MC, nikamwambia tupandishe dau. Akaniuliza mara mbili, "Una uhakika, mwanangu?" Hilo lazima niliseme, aliniuliza.

Mwisho wa Mei ligi ikaisha. African Lyon ikashuka, na Stand ikashuka. Mwadui na Kagera Sugar walipata nafasi ya mchujo, wakapona. Sisi hata mchujo hatukuupata. Nilisikiliza kwenye redio ya bodaboda mmoja pale stendi. Yule boda alicheka, akawasha pikipiki, akaondoka na abiria wake. Maisha yakaendelea kwa kila mtu kasoro mimi.

Nilimtumia MC hela kwa simu usiku uleule. Hakunisamehe hata mia, na sikumlaumu.

Nikajipa moyo kwamba pamba itaniokoa. Bei elekezi msimu ule ilikuwa Sh1,200 kwa kilo, mzee alikuwa ameshapeleka mzigo. Lakini mnaokumbuka 2019 mnajua, wakulima wengi walikopwa pamba yao wakakaa miezi wanasubiri. Julai ikaja, mdogo wangu kapangiwa shule, hela ya pamba hakuna, na ya mbuzi hakuna.

Nilienda kijijini mwenyewe kumwambia mzee. Nilimkuta amekaa chini ya mti, mama ameanika michembe pembeni. Nikaeleza yote, sikuficha. Alinyamaza muda mrefu. Halafu akauliza, "Hiyo timu, kuna mtoto wa hapa kwetu anacheza?"

Nikasema hapana, baba.

"Basi mbuzi wangu ulikuwa unamlisha nani?"

Hakunitukana, na hilo ndilo liliniuma zaidi. Angenipiga ningelala.

Mdogo wangu aliripoti shule wiki tatu nyuma ya wenzake, na tranka la kuazima. Mimi niliuza vifaa vya kibanda, nikawa nalipa kidogo kidogo. Mama aliniambia baadaye kwamba binti alilia siku ile ya kwanza wenzake walipokuwa wanaondoka. Mimi hakuwahi kuniambia.

Je, niliacha Stand? Hapana. Ndo ujinga wa mapenzi ya timu. Niliacha kuweka hela tu. Nimewafuata huko chini kwenye viwanja ambavyo hata televisheni haifiki. Mwaka 2025 walifika mpaka mchujo wa kurudi Ligi Kuu, dhidi ya Fountain Gate. Moyo ulikuwa unadunda kama zamani.

Asubuhi ya mechi simu ikaita. Mdogo wangu. Siku hizi ana kazi yake na mshahara wake. Hakunisalimia hata.

"Kaka, umeweka hela?"

"Sijaweka."

"Apa."

Nikaapa. Akacheka, kwa mara ya kwanza kwenye hii stori, akasema, "Haya, leo na mimi naishangilia."

Tulitolewa. Ila safari hii nililala.

Wewe je, timu yako imeshakugharimu nini ambacho hujawahi kumwambia mtu?