Siku Tatu Mtoni

Katika kijiji nilikozaliwa palikuwa na mtoto wa rika langu aliyetushinda sote kwa mbio. Asubuhi moja, wakati wa vita, alitaka kuinuka kitandani na miguu yake ikakataa. Hakuwa na homa wala maumivu. Miguu ilikuwa imekazana tu, kama kamba zilizosokotwa. Watu hawakukawia kumtafuta mwenye hatia. Mjane mmoja mzee, aliyekaa karibu na kisima, alisemwa kwamba ndiye aliyemfunga. Nami nilimtupia jiwe mama yule. Nilikuwa na miaka kumi, lakini jiwe ni jiwe.

Miaka sita baadaye, seminarini, padri aliyetufundisha kemia alikuja darasani na muhogo mchungu mbichi na kisu. Akatueleza kwamba ndani ya mzizi ule vitu viwili hukaa mbalimbali, kama majirani wasioonana: linamarini, ambayo ni aina ya sukari iliyobeba sumu, na enzimu iitwayo linamarase. Muhogo ukikatwa au ukilainika majini, kuta za seli hupasuka, majirani hao hukutana, na hewa ya sianidi hutoka. Hewa hiyo hupeperuka kwa urahisi, maana huchemka kwenye joto la digrii 26 tu. Kumbe ndiyo sababu mama zetu hulowesha mihogo mtoni siku tatu, kisha huianika! Hawakuijua linamarini kwa jina, bali kazi yake waliimaliza barabara.

Kisha padri akataja ugonjwa uitwao konzo, na mimi nikaacha kuandika. Daktari Trolli aliandika habari zake mwaka 1938, jinsi ulivyoonekana Kwango, upande wa magharibi wa nchi yetu. Kwa lugha ya Wayaka jina hilo maana yake ni miguu iliyofungwa. Hupata hasa watoto na wanawake, kwa ghafula, na miguu hairudi tena kuwa kama zamani. Mwili unaweza kuizima sianidi kidogo, ila kwa kazi hiyo unahitaji salfa, nayo hupatikana katika samaki, nyama, mayai na maharagwe. Mwenye kula muhogo mtupu hana silaha.

Nikakumbuka mwaka ule wa vita. Tulikuwa tukikimbia na kurudi, samaki hatukuwaona, na mihogo ililala majini usiku mmoja tu, maana nani angeiacha siku tatu ili iibwe? Huko Kwango haraka ilitoka kwingine: wanawake walifupisha siku za kulowesha ili wawahi kuuza Kinshasa. Nchini Msumbiji, mwaka 1981, ukame uliwaangusha kwa ugonjwa huu watu zaidi ya 1000.

Baadaye nilionyeshwa jinsi unga unavyopimwa. Huwekwa kidogo katika kichupa pamoja na maji, karatasi ya pikrati ya rangi ya manjano huning'inizwa juu yake, kifuniko hufungwa, na kesho yake karatasi hutazamwa. Ikibaki manjano, vema; ikigeuka kahawia, unga una sumu. Shirika la Afya Duniani linakubali miligramu 10 katika kilo moja, si zaidi. Bwana Howard Bradbury wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia, mjini Canberra, ndiye aliyeitengeneza njia hiyo nyepesi. Yeye na wenzake walipata pia dawa ya unga wenyewe: kuulowanisha kwa maji, kuutandaza mwembamba, na kuuacha saa mbili juani au saa tano kivulini kabla ya kusonga ugali. Enzimu iliyosalia humaliza kazi yake. Kijijini Kay Kalenda, katika eneo la Popokabaka, akina mama walipofuata njia hiyo tangu mwaka 2010, hakutokea mgonjwa mpya muda wote wa jaribio.

Likizo iliyopita nilikwenda kwa mama wa rafiki yangu. Mwanawe sasa anashona viatu, magongo mawili yameegemezwa ukutani. Nilimweleza mama yote, polepole, hata habari ya jiwe langu. Alisikiliza huku akipepeta unga. Akanyamaza kitambo kirefu, ungo ukiwa magotini.

“Mwalimu,” akasema, “yule mjane tulimfukuza. Unajua alihamia wapi?”