Kilomita 142

Kama unakwenda Mwanza kwa ndege kutoka Kiabakari, msomaji, kitu cha kwanza unachofanya ni kuipa Mwanza mgongo. Unapanda gari la Musoma, kilomita kama 40 upande wa kaskazini, kwa sababu kiwanja kiko kule. Mwanza iko kusini. Barabarani sisi tuko katikati, lakini angani hatumo: mstari ulionyooka kati ya viwanja hivyo viwili unatupita magharibi, juu ya Majita na Ghuba ya Speke.

Mambo haya nisingeyajua kama mama asingeandikiwa rufaa ya Bugando. Mgongo ulikuwa umemkamata. Akikaa dakika kumi, machozi. Mjomba, mwenye duka Musoma na maneno mengi, akasema dada yake hapandi basi, tuchange nauli ya ndege. "Nusu saa tu! Unafunga mkanda, unafungua." Mimi nikapewa kazi ya kupiga hesabu, eti ndiye niliyesoma.

Haya. Musoma hadi Mwanza kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 142. Rubani atakwambia maili za baharini 77 hivi. Barabara inabidi iizunguke ghuba kwa Bunda, Lamadi na Magu, kwa hiyo inafika kama 220. Ndege ya pangaboi ya abiria sabini hivi, ikishashika mwendo, hukata kama kilomita 500 kwa saa. Ingezimaliza 142 kwa dakika 17. Lakini hakuna ndege inayoanza na mwendo huo. Inapaa, inapanda, na kabla hujamaliza soda yako imeanza kushuka. Basi weka nusu saa.

Mpaka hapo mjomba yuko sawa. Nikaongeza asivyovihesabu: saa nzima ya kwenda Musoma, saa nzima ya kusubiri kwenye benchi, halafu kutoka kiwanja cha Mwanza mpaka mjini, kilomita kama 10, na kile kilima cha Bugando juu yake. Jumla saa tatu na ushee. Basi kutoka Kiabakari, kilomita 180, saa tatu na ushee. Ngoma droo!

Nikampelekea mama karatasi. Hakuiangalia.

"Kwenye ndege wanaruhusu kusimama?"

"Ikiwa inapaa au inashuka, hapana."

"Na wewe umesema inapaa halafu inashuka."

Nilikuwa nimesema hivyo, kweli.

Hela ya mchango tukakodi gari dogo la jirani, kiti cha mbele kikalazwa nyuma kabisa, tukapachika mito miwili. (Mjomba alinuna, maana alishawatangazia washikaji wake wote kwamba dada anapanda ndege.) Kila mama aliposema, tulisimama. Bunda tulisimama. Karibu na lango la Ndabaka, pale Serengeti inapokaribia kugusa barabara, alishuka akaniegemea bega, tukaangalia nyani wakichambuana chawa kana kwamba tuna siku nzima. Tena Lamadi. Tena kabla ya daraja la Simiyu.

Saa ya tano tulikuwa bado njiani. Mjomba alishapiga simu mara nne. Mara ya tano mama akaichukua mwenyewe, akamwambia tuko Magu, amesimama, anakula embe.