Nyumba iko Ujiji, mwenye fedha yuko Muscat

Ujiji ina nyumba nyingi zenye wenyewe wawili. Mmoja anaishi ndani, anafagia uwanja alfajiri na anajua bati lipi linavuja. Mwingine yuko Muscat, Dubai au Ulaya, na ndiye anayetuma fedha. Nyumba ya babu yetu ni mojawapo. Anayekaa humo ni shangazi. Anayetuma ni kaka yangu, ambaye huu ni mwaka wake wa kumi na moja Muscat. Mwezi Juni aliniomba nikaiangalie kabla hajatuma fungu la kwanza la ukarabati, nami nikapanda treni Dar es Salaam.

Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na urefu wake wa zaidi ya kilomita 1,200 unakueleza kwa nini mfuko wa saruji huwa ghali huko mwisho. Nondo, mabati, vioo na rangi vyote vimesafiri njia hiyo, kwa behewa au kwa lori. Vya hapa hapa ni udongo, mchanga, mawe, tofali za kuchoma na mbao. Anayepiga hesabu kwa bei za Dar es Salaam ataishiwa kabla hajafika kwenye lenta.

Kutoka stesheni unapanda hadi Mwanga, unapita soko, kisha unashika barabara ya Ujiji kati ya miembe na michikichi. Nyumba yetu ni ya udongo, nje imepigwa lipu ya saruji, kama nyumba nyingi za zamani huku. Kaka alikuwa na orodha yake: marumaru sebuleni, madirisha ya aluminiamu, uzio mbele. Shangazi naye alikuwa na yake, isiyoandikwa popote: bati la chumba cha nyuma, choo, na maji ya mvua yanayotuama kwenye kona ya ukuta.

“Sebuleni wanakaa wageni,” aliniambia. “Mimi nalala nyuma.”

Picha alizokuwa akitumiwa kaka zilikuwa nzuri, lakini picha hupigwa penye mwanga, na mbele ya nyumba. Fundi mwashi aligonga lipu kwenye ile kona, ikasikika kama debe tupu. Alipoibandua, udongo wa nyuma yake ulikuwa umelowa. Saruji haiachi unyevu utoke kama udongo unavyouacha. Maji yakipanda kutoka chini hukwama, na ukuta hulika ndani huku nje ukionekana mzima. Marumaru ingewekwa ndani ya nyumba ambayo kona yake inaelekea kuanguka.

Kigoma ina mfano wake mkubwa wa kazi iliyoagizwa kutoka mbali. Meli ya Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikafunguliwa vipande vipande na kutiwa katika masanduku 5,000 hivi. Lakini haikutumwa peke yake. Mafundi watatu wa meli walisafiri nayo ili kusimamia kuunganishwa kwake hapa ziwani, nayo ikashushwa majini mwaka 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani waliizamisha wenyewe isitekwe, lakini kwanza waliipaka mitambo yake grisi nzito. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Masanduku yalikuja na watu walioijua meli. Sisi tulikuwa tukituma masanduku tu, na aliyeijua nyumba hakuwa ameulizwa.

Ijumaa, siku ambayo kaka hana kazi, tulimpigia. Shangazi akashika simu.

“Shikamoo shangazi.”

“Marahaba mwanangu.”

Kaka hakupenda kusikia habari ya marumaru kuahirishwa. Alisema amejinyima mwaka mzima kwa ajili ya sebule ile. Kisha akauliza chumba cha nyuma kimeanza kuvuja lini.

“Tangu mvua za mwaka juzi.”

“Mbona hukuniambia?”

“Wewe uliomba picha, mwanangu. Hukuuliza nalala wapi.”

Alinyamaza muda mrefu hata nikadhani mtandao umekatika.

Baada ya hapo tulipanga upya. Fedha zinakuja kwa hatua, na hatua inayofuata hailipwi mpaka iliyotangulia imekaguliwa. Binamu ananunua vifaa na kutunza risiti. Shangazi anavipokea na kuhesabu mifuko. Fundi analipwa kwa kazi iliyokwisha. Mtu mmoja hanunui, hapokei na kulipa peke yake, hata awe ndugu wa damu, maana ugomvi wa ujenzi huvunja udugu kuliko nyumba. Picha nazo zinapigwa za nyuma, za juu ya dari na za msingi kabla haujafukiwa.

Kaka alikuwa pia na wazo la kujenga vyumba vya wageni kwenye kiwanja cha familia karibu na maji. Nilimpeleka kwa simu hadi kwenye kumbukumbu ya Livingstone, mahali alipokutana na Stanley mwaka 1871. Wakati ule maji yalikuwa karibu. Leo ufuko uko mbali. Ziwa liliendelea kupanda hadi mwaka 1878 hivi, likapasua njia yake ya Lukuga upande wa Kongo, likashuka mita nyingi. Kuanzia mwaka 2020 likapanda tena, likaingia kwenye makazi Uvira na Burundi na kula fukwe za Kigoma. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Tulipopima, kiwanja chetu kilikuwa na mita 41. Wazo likaishia hapo.

Kwa hiyo kazi imeanza nyuma ya nyumba. Mfereji wa kuondoa maji umechimbwa, lipu ya kona imebanduliwa ukuta ukauke kwa jua la kiangazi, na bati la chumba cha shangazi linabadilishwa kabla ya mvua za Oktoba. Choo kinafuata. Marumaru itasubiri mwakani, na rangi yake, kaka amesema, atachagua shangazi.