Kung'oa Lantana Karura

Nilipokuwa msichana Nairobi, Karura lilikuwa jina la kutishia watoto. Tuliusikia msitu huo redioni tu: maiti imeokotwa, gari lililoibwa limepatikana huko. Wakazi wa mtaa wa kitajiri wa Muthaiga na wale wa kijiji maskini cha Huruma, ambao hawakuwa na mengi ya kuwaunganisha, waliogopa miti ileile.

Miaka ya 1990 ikaja habari kwamba msitu huo, uliotangazwa kuwa hifadhi mwaka 1932, umegawiwa watu binafsi wajenge. Januari 1999 mwanamazingira Wangari Maathai na wenzake walikwenda kupanda miche, wakashambuliwa na walinzi wa kukodiwa, naye akajeruhiwa kichwani. Tangu siku ile Karura ikaacha kuwa ya majambazi peke yao mawazoni mwangu. Kulikuwa na mtu aliyekubali kumwaga damu kwa ajili yake.

Ujenzi ulikwama, ila hakuna aliyethubutu kuingia kutembea. Sheria ya Misitu ya 2005 ndiyo iliyofungua mlango, kwa kuwaruhusu wananchi kuunda vyama vya kutunza misitu pamoja na serikali. Mwaka 2009 kikaundwa chama cha Friends of Karura Forest, ukaja uzio wa umeme, na vijana wa Huruma wakaajiriwa kuwa maskauti wa msitu. Mimi nilijiunga na wanaojitolea katika miaka ile ya mwanzo.

Kazi kubwa ilikuwa kung'oa lantana, mmea vamizi. Maua yake yanavutia, na ndege hupenda matunda yake, ndiyo maana mbegu hufika kila mahali. Lakini ikishika mahali hufunga kichaka ambacho mtu hawezi kukipita wala mche kuota chini yake, na ndani ya vichaka hivyo ndimo wezi walimojificha. Tulipokuwa tukifyeka kwa panga, mama mmoja wa Huruma alinisimamisha.

"Mwanangu, hapo unaipogoa tu. Fukua."

Akachuchumaa, akachimbua udongo kuzunguka shina kwa ncha ya jembe, akalishika chini kabisa na kulizungusha huku akivuta, mpaka shina zima likatoka na mizizi yake. Majani yale hukwaruza mikono, na harufu yake haitoki kwa kuoga mara moja. Kila kichaka kilichotoka, njia ilionekana mbele zaidi. Naamini usalama wa Karura ulianzia pale, kwenye mizizi ya lantana, sambamba na kazi ya maskauti.

Msimu wa kupanda, masika, huvuta watu wengi: makampuni, shule, wapiga picha. Kila mmoja anataka kupanda mti wake. Juni hadi Agosti, baridi ikishika, hupungua, ilhali ndipo nyasi zinapoisonga miche. Tunapita na slasha, tunapalilia mduara kuzunguka kila mche na kurudishia nyasi zilizokatwa juu ya udongo ili unyevu usikauke. Vuli tunajaza mapengo ya miche iliyokufa. Januari na Februari ni za kuogopa moto. Ningependa wanaokuja Aprili warudi Julai, kwa sababu Julai ndipo mche hupona au kufa.

Jambo linalowaumiza wageni ni kuona mikaratusi mikubwa imeangushwa. Nimesimamishwa njiani na watu wenye hasira ya kweli, na hasira yao naiheshimu, kwani Nairobi imezoea kuibiwa miti. Huwaeleza kwamba mikaratusi hiyo ilipandwa kama shamba la kuni na mbao, tangu enzi za treni za mvuke. Hunywa maji mengi, na chini yake huota mimea michache. Mahali pake tunarudisha miti ya asili: mukinduri, muiri, muthiga, na muhugu, ambao wachonga vinyago waliupunguza sana kwingine. Mbega weusi kwa weupe waliporudishwa kuanzia 2014, walihitaji miti ya namna hiyo ili wapate majani ya kula.

Mukinduri hukua upesi. Uliopandwa miaka ile umeshatoa kivuli. Muhugu hauna haraka hata kidogo, na bado tunaupalilia. Kitalu kina miche yake ya kutosha mwaka huu, na mvua za Machi zikishika tutaanza na sehemu ambayo mikaratusi yake ilikatwa mwaka jana.