Nyaya Nane, Jozi Nne

Mzee aliyemfundisha kazi amezikwa, na koleo lake la kubania vichwa vya kebo amelirithi mwanafunzi wake, mpini umelika kwa jasho la viganja viwili. Mwanafunzi huyo ndiye anayeandika haya. Naye sasa ana mvi, na mwaka huu anastaafu.

Alizaliwa Tanga, akasoma hadi kidato cha nne, akaja Dar es Salaam kwa mjomba wake. Mzee alimkuta Kariakoo akiuza balbu, akamfundisha kufunga kebo za mtandao wa kompyuta.

Miaka ile baadhi ya ofisi zilikuwa bado na kebo za koaksi: kiungo kimoja kikilegea, kompyuta zote zinanyamaza. Swichi ilileta nafuu. Kila kifaa kikapata kebo yake na tundu lake, na swichi ikishazijua anwani za vifaa, humpelekea ujumbe mwenyewe tu.

Ugomvi ulikuwa kwenye mpangilio wa rangi za nyaya. Fundi mwenzao alishikilia kwamba nyaya zikifanana huku na huku, inatosha. Mzee alikataa katakata.

Ndani ya kebo mna nyaya nane, zimesokotwa jozi nne. Kwa mpangilio wa T568B huanza nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani. Kisha bluu, nyeupe-bluu, ndipo kijani. Mwisho nyeupe-kahawia na kahawia. Kijani huzipisha bluu mbili kwa sababu nafasi ya 3 na ya 6 ni njia moja, na msokoto wa jozi ndio unaozuia kelele za jozi za jirani. Ukipanga jozi moja baada ya nyingine, njia hiyo inapita kwenye nyaya mbili zisizosokotwa pamoja.

Katika ofisi moja mjini, kebo ya mita zaidi ya 60 aliyoifunga mwenzao ilikuwa ikikata mawasiliano kila mara. Testa iliwasha taa zote nane.

“Testa inajua waya umefika,” mzee alisema. “Haijui umesokotwa na nani.”

Akakata vichwa vyote viwili, akafunga upya. Mtandao ukatulia. Mwenzao hajakubali kosa hadi leo, ingawa malipo alipokea yeye.

Vijana, acheni kebo za alumini iliyopakwa shaba! Kamera inayovuta umeme kupitia kebo hiyohiyo itaipasha moto. Msifumue msokoto zaidi ya milimita 13. Msivuke mita 100, na katika hizo 90 ndizo za ukutani.

Juzi kijana wa dukani alimwamkia fundi anayeandika haya, akamwonyesha kebo aliyoifunga. Fundi akaisogeza kwenye mwanga: kijani ilikuwa imekaa kando ya nyeupe-kijani. Akachukua mkasi, akakikata kichwa kile, akamrudishia kebo pamoja na koleo la marehemu.