Tarakimu Sita

Nilikuwa nikiamini kwamba wezi wa mitandaoni hupambana na mabenki na serikali, wala hawana haja na mtu wa kawaida kama mimi. Niliishi na imani hiyo mpaka jioni moja hapa Bukavu, nilipompa mwizi ufunguo kwa mkono wangu mwenyewe.

Ujumbe ulitoka kwenye namba ya rafiki niliyeimba naye kwaya kwa miaka mingi. Uliniambia kwamba tarakimu sita zilizokuwa zake zimeletwa kwenye simu yangu kwa makosa, nami nikaombwa nizirudishe upesi. Kweli, tarakimu hizo zilikuwa zimefika dakika ile ile. Nilizituma bila kusoma onyo lililoandikwa pamoja nazo, kwamba asipewe mtu yeyote. Punde si punde akaunti yangu ya WhatsApp ikafungika. Rafiki yangu hakuwa ameandika neno lolote. Naye alikuwa ameibiwa kwa hila ile ile saa chache kabla yangu.

Baadaye nilielewa jinsi ilivyotendeka. Anayetaka kufungua akaunti yako katika simu nyingine huandika namba yako, na tarakimu sita hutumwa kwako ili kuhakikisha kwamba ni wewe unayeomba. Mwizi wangu hakuhitaji elimu kubwa. Alihitaji tu nimwamini.

Usiku ule aliandika katika kundi la ukoo wetu, kwa jina langu na picha yangu, kwamba nimelazwa hospitalini na ninahitaji pesa za dawa. Mama mdogo, anayeuza unga sokoni, alituma dola 40 alizokuwa amezitunza kwa ajili ya karo ya mtoto wake. Nilipoisajili upya namba yangu mwizi alitolewa. Lakini kwa kuwa alikuwa ameweka namba yake ya siri, ilinibidi kungoja siku 7 kabla ya kuingia. Siku hizo nilizitumia kwenda nyumba kwa nyumba kuwaomba watu radhi. Mama mdogo hakunikaripia. Alisema tu: «Mwanangu, pesa zitatafutwa. Lakini siku utakayougua kweli, nitajuaje kama ni wewe?»

Swali hilo halikuniacha. Nilikuwa nimedhani kwamba usalama wa simu yangu ni shauri langu peke yangu. Kumbe mlango wangu ukibaki wazi, mwizi hupitia humo kwenda kwa jirani.

Nilianza kutazama kwa macho mapya hata ofisi ninamofanya kazi. Ruta iliyotugawia intaneti ilikuwa bado na neno la siri la kiwandani, lile linalojulikana na kila mtu aliyewahi kununua kifaa cha namna ile. Mwaka 2016 programu hasidi iitwayo Mirai ilijaribu orodha fupi ya maneno kama hayo kwenye ruta na kamera za dunia nzima, ikateka vifaa kwa maelfu mengi. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo vifaa vilivyotekwa vilitumiwa kuishambulia kampuni ya Dyn ya Marekani, na kwa saa kadhaa tovuti kubwa kama Twitter hazikufikika kwa watu wengi. Wenye kamera zile hawakujua kwamba mali yao ilikuwa ikitumiwa kuwadhuru wengine.

Tukaja pia kwenye kompyuta. Sisi huahirisha kusasisha programu kwa sababu megabaiti ni ghali, na sababu hiyo naielewa vema. Hata hivyo kuahirisha nako kuna bei yake. Tarehe 12 Mei 2017 programu iitwayo WannaCry ilifunga mafaili katika nchi zaidi ya 150 na kudai malipo ili kuyafungua. Huko Uingereza hospitali zililazimika kuahirisha matibabu ya wagonjwa. Microsoft ilikuwa imekwisha kutoa kiraka cha kuziba tundu hilo tarehe 14 Machi, karibu miezi miwili kabla. Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Kwa hiyo tulifanya mambo machache yasiyohitaji fundi. Tulibadilisha maneno mawili ya ruta, lile la kuingilia Wi-Fi na lile la kubadilishia mipangilio yake. Tunasasisha kompyuta zote siku moja kila juma. Nakala za hesabu zetu tunaziweka katika diski ya pembeni, tukimaliza tunaichomoa na kuifungia kabatini, kwa maana diski iliyobaki imechomekwa hufungwa pamoja na kompyuta. Flashi iliyotoka kwa mchapaji wa mtaani hupimwa kwanza na programu ya kuzuia virusi. Neno la siri la barua pepe halitumiki mahali pengine popote. Na katika WhatsApp kila mmoja wetu amewasha uthibitisho wa hatua mbili, ili tarakimu sita peke yake zisitoshe kumfungulia mwizi.

Nyumbani tuliongeza sheria moja: ombi la pesa halijibiwi kwa maandishi. Anayeombwa hupiga simu kwanza, asikie sauti.

Mwezi uliopita nilimwandikia mama mdogo kumwomba aniazime dola 10 za nauli. Hakujibu. Baada ya dakika mbili simu yangu ililia, naye akaniuliza kwa sauti kavu jina la bibi yetu aliyezikwa kijijini. Nililitaja. Akacheka, kisha akaniambia nije sokoni nichukue pesa mwenyewe. Nilikwenda kwa furaha.