Sauti ya Baba Ndani ya Kadi

Neno la siri nililisahau mwenyewe; sina wa kumlaumu. Nililitunga usiku mmoja wa mwaka 2021, marehemu baba akiwa kitandani, na tangu alipotutoka sikuwa na moyo wa kuigusa ile kompyuta. Ni Raspberry Pi, kijikompyuta kinacholingana na kadi ya benki, hakina skrini wala kibodi. Huingiwa kwa mtandao tu, kutoka kompyuta nyengine. Ndani yake mlikuwa na sauti ya baba akighani tenzi alizozihifadhi tangu udogoni, ambazo hazikupata kuandikwa popote.

Wiki nzima nilibahatisha. Majina ya wanangu, miaka ya kuzaliwa, hata jina la mwembe wetu wa shamba. Kila nilipokataliwa nilihisi ni baba aninyimaye.

Ndipo mpwa wangu aliponicheka. "Mjomba, kadi si unayo mkononi? Sasa wambishia hodi nani?"

Akachomoa umeme, akaitoa kadi ya kumbukumbu, akaitia katika kompyuta yake, nayo ya Linux. Kwanza aliinakili yote, na kwa hilo peke yake nampa heko. Katika folda iitwayo etc mna faili liitwalo shadow, yaani kivuli. Nilidhani tutalisoma neno langu humo. Halimo! Mlimo ni mchanganyiko wa herufi na tarakimu uliotokana nalo, nao haurejei ulikotoka, kama nazi iliyokwisha kukunwa isivyorudi kifuuni. Basi hatukulitafuta lililopotea. Tulitunga neno jipya, tukalikuna vivyo hivyo kwa programu, tukaupachika ufu wake katika mstari wa jina langu, pale ulipokuwa ule wa kale. Kadi ikarudi mahali pake, mlango ukafunguka.

Furaha yangu ilichanganyika na hofu. Kumbe muda wote ule neno langu halikumzuia mtu mwenye kadi mkononi. Mgeni yeyote angaliweza kuitia mfukoni akaondoka na baba. Mpwa wangu asema dawa ni kuisimba kadi nzima. Lakini mwenye kusimba akisahau neno lake, hana pa kupenyea tena, nami nimekwisha kujijua. Hilo bado sijaliamua.

Jioni tulikaa barazani. Mama alipousikia ukohozi wa kwanza, kabla ya bismillahi, alijifunika uso kwa kanga, nasi tukanyamaza.